Kuuza vitabu vya siasa, historia na vya kale vilivyopigwa chapa upya: nitambueje toleo, na tangazo liseme nini?

Shubaka

Salaam wadau. Nina vitabu vinavyokaribia mia mbili vya kuuza mtandaoni, na hakuna hata kimoja cha hadithi: mikusanyo ya insha za kisiasa, historia, uchumi, wasifu, na vya kale vilivyopigwa chapa upya. Naomba mwongozo:

1. Ukurasa mmoja unakuwa na miaka mitatu au minne tofauti, kitabu kingine hakina mwaka kabisa. Nitajuaje ninachouza ni toleo la kwanza au cha baadaye?
2. Hizi chapa mpya za vitabu vya kale zina wateja, au nizifunge mafungu niuze kwa jumla?
3. Hali ya kitabu nieleze vipi ili mnunuzi asirudishe?
4. Namba ya ISBN (ile ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu) nikiiingiza kwenye mfumo wa mauzo, mara nyingine haipatikani. Tatizo nini?

Mtambo_Mkuu

Anza na ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Toleo hubadilika maandishi yanapobadilishwa. Chapa ni kila mara maandishi yaleyale yanaporudishwa mtamboni. Kitabu kinaweza kuwa toleo la kwanza, chapa ya tisa. Mkusanyaji anatafuta chapa ya kwanza ya toleo la kwanza, mwanafunzi anataka toleo la karibuni zaidi. Ukiandika "toleo la kwanza" ukaishia hapo, wote wawili hawajui unauza nini.

Tafuta mstari wa namba, kwa mfano 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1, au umechanganywa hivi: 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa yako. Ikiwa ndogo ni 4, hiyo ni chapa ya nne, hata kama juu yake bado pameandikwa "First Edition". Maneno hayo husahauliwa mara kwa mara, ila namba hufutwa kila chapa inapotoka. Ipo kasoro moja maarufu: mchapishaji Random House wa Marekani kwa miaka mingi iliandika "First Edition" pamoja na mstari unaoanzia 2, na hiyo ndiyo ilikuwa chapa ya kwanza. Ya pili walifuta maneno, wakabakiza 2.

Vitabu vya Uingereza vya zamani havina mstari huo. Vina orodha: "First published" na mwaka, kisha "Reprinted" na miaka mingine. Kilicho mkononi mwako ni cha mwaka wa mwisho kwenye orodha. Alama ya © haikusaidii hapa, maana inaonyesha haki ilianza lini, si lini karatasi ilipita mtamboni.

Kisicho na mwaka kikamate kwa ISBN. Mfumo huo ulifanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1970, ukawa na tarakimu 10 hadi mwisho wa 2006, na tangu Januari 1, 2007 ni tarakimu 13. Kitabu kinachodai ni cha 1934 huku ndani kimepigwa ISBN, hicho ni chapa ya baadaye, hakuna mjadala. Ila usihukumu kwa msimbo wa mistari peke yake. Misimbo inayoanza na 978 ilikuwepo nyuma ya majalada miaka mingi kabla ya 2007, kwa hiyo soma namba iliyochapwa ndani.

Mwisho, chunga matoleo ya klabu za vitabu, yaani yaliyochapwa kwa ajili ya wanachama wa klabu. Dalili zake ni jaketi (karatasi inayovalishwa juu ya jalada) isiyo na bei, karatasi nyepesi, na wakati mwingine kishimo kidogo kilichogandamizwa chini kwenye jalada la nyuma karibu na mgongo. Thamani yake kwa kawaida ni ndogo, isipokuwa kwenye siasa: Left Book Club ya mchapishaji wa Uingereza Victor Gollancz, iliyoendeshwa kati ya 1936 na 1948, ina wakusanyaji wake hasa, na majalada yake ya rangi ya chungwa unayatambua ukiwa mbali. Hayo yatangaze kwa jina la klabu, usiyafiche.

Tanbihi77

Mtambo_Mkuu kamaliza la kwanza. Mimi niingie kwenye hizi chapa mpya, maana ndizo zinazoleta ugomvi mwingi.

Ziko za aina tofauti na wanunuzi wake ni tofauti. Kuna zilizohaririwa, zenye utangulizi wa mtaalamu, maelezo na faharasa. Hizi zinauzika moja moja, na mfululizo kama Everyman's Library (ulianza 1906) au Pelican (1937) una watu wanaojaza namba zinazokosekana kwenye rafu zao. Taja mfululizo kwenye kichwa cha tangazo, na namba ya kitabu ndani ya mfululizo kama ipo.

Kuna zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kutoka nakala ya zamani. Faida yake ni kwamba namba za kurasa zinalingana na za asili, hivyo mtafiti anaweza kuzinukuu. Kasoro zake zinajulikana: ukurasa umerukwa, mstari wa ndani umemezwa na mgongo, na ramani za kukunjua zimepigwa picha zikiwa zimekunjwa. Fungua orodha ya vielelezo mwanzoni, kisha hesabu kimoja kimoja hadi mwisho wa kitabu. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Halafu kuna zile ambazo kompyuta ilisoma picha ikageuza kuwa maandishi, na hakuna mtu aliyesahihisha. Hapo ndipo balaa. Herufi r na n zikikaribiana husomwa m. Herufi s ndefu (ſ) ya vitabu vya kabla ya karne ya 19 husomwa f. Tanbihi zinaingia katikati ya aya, majedwali ya takwimu yanabaki rundo la tarakimu. Faharasa ikiachwa na namba za kurasa za zamani ilhali kurasa zimepangwa upya, haimsaidii mtu. Pima sehemu tatu tu: ukurasa wenye jedwali, ukurasa wenye tanbihi nyingi, na neno moja la faharasa ulifuatilie hadi ukurasa wake. Ikishindwa mbili kati ya hizo, iuze kwenye fungu na useme wazi kwa nini.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawaandiki, na msomaji makini ndilo analouliza kwanza: maandishi yaliyomo yanafuata toleo lipi? Chukua kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi. Kilitoka Novemba 1859, akakirekebisha mara kadhaa hadi toleo la sita la 1872, ambalo lina sura nzima ya ziada ya kuwajibu wapinzani. Jalada likiandikwa 1859 halithibitishi kitu. Hesabu sura: toleo la kwanza lina 14, la sita lina 15. Anayesoma historia ya sayansi atalipia zaidi la kwanza, na ukimpelekea la sita atalirudisha akiwa na haki yote.

Kwa vilivyotafsiriwa, jina la mfasiri ni lazima. Machiavelli aliyetafsiriwa karne ya 19 na aliyetafsiriwa juzi ni bidhaa mbili. Na ukiona popote pameandikwa kuwa kimefupishwa, hata kwa herufi ndogo za chini, lipeleke neno hilo kwenye kichwa cha tangazo.

Kijitabu

Kwenye mafungu sikubaliani sana na Tanbihi77. Kabla hujafunga chochote, toa kwanza vijitabu vya siasa: hotuba, ilani, insha za kurasa 16 au 32 zilizobanwa kwa pini. Kitabu kinene cha mambo ya uchaguzi wa wakati fulani hushuka thamani haraka kwa sababu nakala ni nyingi na hoja imepitwa. Kijitabu ni kinyume chake. Kilichapwa kisomwe kitupwe, kwa hiyo kilichosalia ni kidogo.

Pini zikishika kutu, usizing'oe kwa nguvu, maana karatasi iliyozizunguka tayari ni dhaifu. Selotepu usiiguse kabisa: gundi yake hugeuka kahawia, huingia kwenye nyuzi za karatasi na haitoki. Hesabu kurasa ukikumbuka kuwa kwenye vijitabu vingi jalada lenyewe ni sehemu ya hesabu, yaani ukurasa wa kwanza ni jalada. Kama ndani kuna kikaratasi cha masahihisho au fomu ya uanachama, kiache palepale na ukitaje.

Insha zilizokusanywa nazo zina lake. Wanunuzi wanatafuta insha moja, si kitabu. Nakili yaliyomo yote kwenye maelezo ya tangazo.

Shubaka

Nimewaelewa, asanteni. La nyongeza: kuna vichache vya insha vimechanika vibaya. Nikiviskani nikauza faili badala ya kitabu, ni sawa kwa kuwa waandishi wamekwishafariki?

Mtambo_Mkuu

Kufariki peke yake hakutoshi. Kuuza nakala ya karatasi uliyoinunua kihalali kwa kawaida hakuna shida, kuzalisha nakala mpya ndiko kunakogusa haki. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini cha uhai wa mwandishi na miaka 50 baada yake. Uingereza na Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Marekani, kwa vilivyochapishwa kabla ya 1978, muda unaweza kufika miaka 95 tangu kuchapishwa. Mwandishi George Orwell alifariki Januari 1950, kwa hiyo Uingereza maandishi aliyoyachapisha akiwa hai yalikuwa huru kuanzia Januari 1, 2021, lakini vitabu vyake vya miaka ya 1940 bado vina ulinzi Marekani. Tafsiri, utangulizi na maelezo ya mhariri vina haki zao pekee, hata kama matini ni ya miaka mia tano iliyopita. Hivyo vilivyochanika viuze vilevile vya karatasi, kama nakala za kusoma tu, si za kukusanya.

Rafu_ya_Chini

Naona la tatu na la nne yamebaki.

Hali: neno "kizuri" kila mtu analipima kivyake, kwa hiyo taja kasoro yenyewe na mahali ilipo. Kwa vitabu vya aina hii kasoro kubwa ni mistari ya wasomaji waliotangulia. Pitisha kurasa zote, uandike idadi: "penseli kurasa 12, kalamu ya wino kurasa 3, hakuna kalamu ya rangi." Penseli hufutika, mnunuzi huisamehe. Muhuri wa maktaba utaje hata ukiwa mmoja. Karatasi kuwa kahawia ni kawaida kwa vitabu vya massa ya mti tangu nusu ya pili ya karne ya 19, ni asidi inayoila. Kunja ncha ndogo ya kona ya ukurasa mara moja: ikikatika, andika kuwa karatasi ni dhaifu. Kinachokataza kuuza ni ukungu. Chenye harufu ya ukungu kitenge siku hiyohiyo, na chumba kisizidi unyevu wa asilimia 60. Wadudu huuawa kwa baridi: kitabu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, nyuzi 20 chini ya sifuri, si chini ya wiki moja, kisha mfuko usifunguliwe hadi kitabu kirudi joto la chumba, vinginevyo umande utatua kwenye karatasi.

ISBN: mfumo wako huenda unataka tarakimu 13 wakati kitabu kina 10. Usiongeze 978 mbele ukaishia hapo, tarakimu ya mwisho nayo hubadilika. Chukua 0306406152. Ondoa 2 ya mwisho, weka 978 mbele, upate 978030640615. Zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana kuanzia kushoto, ujumlishe: jibu ni 93. Kinachohitajika kufikia kumi inayofuata, yaani 100, ni 7. Namba kamili ni 9780306406157. (Jumla ikiwa tayari ni kumi kamili, tarakimu ya mwisho ni 0.) Mwisho wa zile za kumi ukiona X, si kosa, inasimama badala ya 10.

Kabla ya kutaja gharama ya posta, kadiria uzito. Kitabu cha A5 chenye karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba kina gramu 2.5 kwa kila jani. Kurasa 320 ni majani 160, sawa na gramu 400, ongeza takriban 20 za jalada jepesi. Jalada gumu lipime kwenye mizani, halikisiki.

Kufunga: plastiki nyembamba kwanza dhidi ya maji, kisha vipande viwili vya boksi gumu vinavyozidi kitabu sentimita 1 kila upande, kwa sababu pembe ndizo hugonga kwanza. Utepe wa gundi wa kufungia usiguse plastiki ya ndani, mteja akija na kisu atakata jaketi. Kwenye katoni ya vingi, vilaze bapa au visimamishe wima, usivisimamishe kwa ukingo ulio mkabala na mgongo, kurasa zitavuta mshono. Katoni isizidi kilo 15, na nafasi zilizobaki zijaze kwa karatasi isiyo na wino. Gazeti huacha weusi kwenye majalada meupe.