Maji ya chupa au ya bomba kwa mtoto? Naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na tangu aanze kunywa maji sijatulia. Mpaka sasa tunanunua ya chupa. Juzi nilisahau chupa kwenye gari ikashinda juani. Nilipoifungua maji yalikuwa ya vuguvugu na yana ladha ya plastiki kabisa. Nikayamwaga. Halafu nikasoma kwamba mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipima maji ya chupa wakakuta wastani wa vipande 240,000 hivi vya plastiki kwa lita, vingi vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Madhara yake bado yanachunguzwa, lakini nimeingiwa na hofu.

Ya bomba nayo yana mambo yake. Asubuhi hutoka na rangi ya kutu kwa dakika kama mbili ndipo yanakuwa safi. Harufu ya klorini hainisumbui, ukiyaacha wazi usiku kucha inapungua. Ninachoogopa ni mabomba yenyewe, nyumba ni ya zamani. Mume wangu anasema tuchemshe tu, yatosha. Ni kweli kuchemsha kunaua vijidudu, ila madini ya risasi yanayoweza kutoka kwenye mabomba ya zamani hayaondoki, yanabaki humo humo.

Wenye uzoefu, nianze kupeleka maji maabara yakapimwe, au nifunge chujio moja kwa moja? Na kama ni chujio, mnatumia la aina gani, na mnalibadilisha kila baada ya muda gani?