Tupeane uzoefu: umri umesogea, upo peke yako, unachagua programu ipi ya kutafuta mwenzi?

Mama wa Jioni: Ndugu zangu, jana binti yangu alinikuta sebuleni, miwani puani, nikijaza kwa mara ya nne kipengele cha "unatafuta nini", akacheka mpaka akakaa chini. Nina miaka 58, na talaka yangu imetimiza mwaka baada ya ndoa ya miaka 29. Mara ya mwisho kutongozwa, barua zilikuja kwa posta. Nimeifungua Tinder, nikaambiwa nitelezeshe kidole kulia kwa ninayempenda na kushoto kwa ninayemkataa, na baada ya sura ishirini nikajiona kama ninayechambua mchele. Waliotangulia watueleze walichagua ipi na kwa nini, bila kuficha aibu.

Kobe Mpole: Pole, dada. Mimi nimefiwa na mke, nina miaka 63. Nilianza na eHarmony kwa sababu ya maswali yake mengi, nikidhani yatawachuja wenye haraka. Yalinichuja hata mimi, maana nililala katikati. Baadaye nilihamia OurTime, ambayo ni ya waliovuka miaka 50, na huko sikulazimika kumweleza mtu kwa nini nalala mapema. Tatizo la programu za rika letu ni uchache wa watu: ukishawaona wote walio karibu nawe, sura zinaanza kujirudia.

Nimekoma: Nilikuwa nimeapa kutolisimulia hili, na programu yenyewe sitaitaja. Alijitambulisha kama mhandisi wa mitambo ya mafuta baharini, mjane mwenzangu. Siku ya pili tu alinisihi tuhamie kwenye ujumbe wa kawaida wa simu, nami nikaona ni ukaribu, kumbe alikuwa ananiondoa mahali ambapo angeripotiwa na kufungiwa. Kwa wiki saba aliniandikia kila alfajiri saa kumi na moja: "Umeamkaje, malkia wangu?" Nikimwomba tuonane kwa video, kamera yake ilikuwa mbovu. Kisha vifaa vyake vikazuiliwa forodhani, na akahitaji kadi za zawadi, nikwangue nyuma na kumpigia picha namba. Binti wa kaunta aliniuliza kwa upole, "Mama, huyu unayemtumia umeshawahi kumwona?" Nilimfokea, nikanunua mbili. Kabla ya ya tatu, mpwa wangu aliitafuta ile picha kwenye intaneti, ikaonekana ni ya mtu mwingine kabisa, mwenye jina jingine na mke. Fedha ziliniuma, lakini kilichonitesa zaidi ni alfajiri iliyofuata, saa ileile, simu ilipolia kwa mlio uleule, na mkono wangu ukaifuata kabla akili haijakumbuka.

Msafiri 55: Hiyo ya kamera mbovu hata mimi niliambiwa, neno kwa neno.

Mzee Hesabu: Ndiyo maana nasema lipieni. Tapeli hawezi kulipa ada ya mwezi.

Bi Mkali: Kaka, kwa heshima zote, tapeli hulipa kwa sababu kwake huo ni mtaji. Mimi nililipia moja, nikaifuta kwenye simu, na kwa miezi mitano fedha zikaendelea kukatwa, kwa kuwa kufuta programu si kusitisha malipo. Malipo husitishwa kwenye mipangilio ya akaunti uliyolipia.

Mzee Hesabu: Hapo hukusoma masharti, dada yangu.

Bi Mkali: Masharti yenyewe yameandikwa kwa herufi za sisimizi. Na hizo programu watu wanazozigombania, Tinder, Hinge na OkCupid, zote ni za kampuni moja, Match Group.

Pete ya Zamani: Samahani kuwaingilia. Nilijiunga na ya waliovuka 50, nikaweka umbali wa kilomita 20, na mtu wa tatu kuletewa akawa mume wangu wa zamani. Ameandika ana miaka 54. Kifungua mimba wetu ana miaka 36, hesabu mjifanyie wenyewe. Picha ni ya mahafali ya mtoto huyo. Mimi amenikata, ila begani kwake vimebaki vidole vinne, na kimoja kina pete. Chini anasema anapenda matembezi marefu, mtu aliyekuwa akiniita kutoka jikoni nimpe rimoti iliyokuwa mezani mbele yake.

Msafiri 55: Ulimpeleka kulia au kushoto? Usituache hewani!

Pete ya Zamani: Kushoto. Lakini kidole kilitetemeka.

Kobe Mpole: Vidole vinne! Nimecheka mpaka nimejionea haya.

Mama wa Jioni: Jamani, pole na hongera kwa mpigo, lakini mimi bado sijajibiwa.

Bi Mkali: Chukua Bumble. Ilianza mwaka 2014 kwa kanuni kwamba, kati ya mwanamume na mwanamke waliopendana, mwanamke ndiye anayeanza kuandika. Siku hizi wameilegeza kidogo, lakini usumbufu umenipungua. Zungumza na mtu mwezi mzima kabla ya kuonana naye.

Mzee Hesabu: Mwezi mzima ndio uliomponza Nimekoma. Onaneni ndani ya wiki, mchana, penye watu, na mwanao ajue ulipo.

Nimekoma: Kwa hili naungana na Mzee. Asiyekubali video ya dakika tano, mwache hata kama anaandika kama malaika.

Msafiri 55: Mimi niko Hinge, kwa kuwa unaweza kutoa maoni juu ya jibu au picha mahususi kwenye wasifu wa mtu, hivyo huanzi na "mambo" tupu. Ila picha iwe ya mwaka huu, tafadhali.

Pete ya Zamani: Narudi na taarifa fupi. Programu imenijulisha sasa hivi kwamba amenipenda.

Bi Mkali: Mripoti kwa kudanganya umri.

Kobe Mpole: Kwanza mwulize vile vidole ni vya nani.