Naomba ushauri: pg_wal inajaza diski, nifute sloti au niongeze diski?

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa wanaosimamia PostgreSQL (programu ya kanzidata). pg_wal ni folda yake ya WAL, faili zinazorekodi kila badiliko la kanzidata.

Seva kuu ya toleo la 15 iko Dar, ya akiba iko Dodoma, laini kati yao ni megabiti 100 kwa sekunde. Ya akiba imezima tangu Ijumaa. Sloti yake (alama ya seva kuu ya WAL ambazo ya akiba bado haijazipokea) pg_replication_slots inaionyesha active = f (haitumiki), kwa hiyo seva kuu inaitunzia WAL zote: GB 120, yaani faili 7,680 za MB 16. Nafasi iliyobaki ni GB 20, na kila saa inaliwa GB 1 hivi. pg_stat_archiver haina makosa, basi archive_command (amri ya kunakili WAL kwenda hifadhini) si mchawi.

Kufuta faili za pg_wal kwa rm sitaki kusikia. Huko ndiko kuua kanzidata yenyewe.

Njia ya kwanza ni kufuta sloti kwa pg_drop_replication_slot kisha CHECKPOINT, ambayo husafisha WAL zisizohitajika tena. Nafasi inarudi fasta, ila Dodoma itajengwa upya kwa pg_basebackup (kunakili kanzidata nzima), na GB 450 kwa laini ile ni saa 10 kama hakuna kinachokatika.

Ya pili ni kuongeza diski kwa LVM (mfumo wa Linux wa kupanua nafasi ya diski) bila kuzima seva, Dodoma ikiwaka ivute GB 120 ndani ya saa tatu. Nainamia hii, lakini fundi hajasema lini itawaka.

Halafu max_slot_wal_keep_size (kikomo cha WAL ambazo sloti inaweza kushikilia) bado ni -1, yaani bila kikomo. Nyie mnaweka ngapi? Nafikiria 60GB, nikijua ikipita hapo sloti inakufa.