Stafingi ya Thanksgiving: mkate wa kawaida, mkate wa mahindi au ya boksi? Na inaingia ndani ya bata mzinga au kwenye trei?

MamaZuu, Columbus Ohio
Habari zenu wapendwa. Thanksgiving (sikukuu ya shukrani ya huku) ya mwaka huu tunakula kwa wakwe zangu, ni Wamarekani wa hapahapa Ohio, kila mtu kapangiwa chakula cha kuja nacho na mimi nimeangukiwa na stafingi, ule mkate uliochanganywa na viungo unaoliwa na bata mzinga. Mama mkwe kasema tu "lete ile ya kawaida ya mkate". Haya, nimeanza kusoma resipe kila mmoja ana lake, huyu anasema mkate ukauke siku tatu, huyu mkate wa mahindi, huyu nunua boksi yaishe. Tutakuwa watu 12 hivi. Bata mzinga anachoma mkwe mwenyewe, mimi ni hiyo stafingi tu. Kingine nyumbani kwetu hatuli nguruwe na naona resipe nyingi zina soseji. Mlioko huku siku nyingi mnafanyaje?

mtu_wa_Mbeya, Minneapolis
Dada nunua boksi. Stafingi ya boksi ya Stove Top, maji, siagi, dakika tano mchezo umeisha. Ipo madukani toka 1972, hati yake ya ugunduzi ina jina la mama mmoja Ruth Siems, siri yake ni vipande vya mkate vilivyokatwa kwa saizi ambayo inanywa maji bila kuvurugika. Sasa mtu kakaa maabara akakufanyia kazi yote hiyo wewe bado unataka kukatakata mikate usiku wa manane, ya nini? Mimi naingia shifti ya usiku kesho yake, sina muda huo.

Wanjiku_jikoni, Boston
😂😂 Mbeya wacha bana. Boksi ni sawa ukiwa peke yako na baridi yako huko Minnesota, lakini si kwa wakwe, tena mara ya kwanza. Hao watu wanaijua hiyo ladha toka wakiwa watoto, watakula watanyamaza lakini watajua.

MamaZuu, kwa mtu aliyesema "ya kawaida ya mkate" anamaanisha mkate mweupe wa ngano, kitunguu, selari (celery), siagi, seji (yale majani ya sage) na supu ya kuku. Hivyo tu. Seji ndiyo harufu yenyewe ya hiyo siku, ukiikosa hata uweke nini watasema kuna kitu hakipo. Huku kwetu Boston wazee wanatumia viungo vya Bell's, kaboksi kadogo ka manjano kana picha ya bata mzinga, imekuwako tangu 1867, ndani mna rozimeri, oregano, seji, tangawizi, majoramu na thaimu. Kijiko kimoja cha chakula kwa trei nzima, usizidishe, seji ikizidi inakuwa kama dawa ya kikohozi.

Na mimi najaza ndani ya ndege! Ile mafuta yake ikiteremka kwa mkate, aki hakuna trei itakupa hiyo.

Kijana_Kisauni, Houston
Nyote mwasema lakini hamjala ya mkate wa mahindi. Huku Texas na kusini yote ndiyo hiyo, mkate wa mahindi unaokwa siku moja kabla kwenye kikaango cha chuma, USIO NA SUKARI, halafu unavunjwa kwa mkono, vitunguu, selari, mayai, supu nyingi, wengine watia na mayai ya kuchemsha yaliyokatwa. Yatoka laini, hukati kwa kisu wachota kwa kijiko. Kwa sisi tuliokula ugali toka tuko wadogo mahindi si mageni, yateremka vizuri kuliko huo mkate mweupe.

Ila unga ule wa boksi wa Jiffy una sukari, ukiutumia utapata keki yenye kitunguu. Jitengenezee mwenyewe.

Shangazi_Rehema, Toronto
Sisi huku Kanada tushamaliza, yetu huwa Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika, nisomeni taratibu.

Kijana wa Kisauni ya kwako nzuri na mimi naipenda, lakini huyu mtoto anakwenda Ohio kwa watu waliosema mkate. Mkwe akikuagiza pilau humpelekei biriani hata kama biriani ni tamu zaidi. Mkate wa mahindi atapika siku anayokaribisha yeye.

Sasa kuhusu kukauka kwa mkate, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mkate ukikaa mezani siku mbili tatu unakuwa mgumu ndiyo, lakini ugumu huo ni wanga kujikaza, maji yenyewe mengi bado yamo ndani. Ukiumwagia supu unabonyea unakuwa uji. Unachotaka wewe ni mkate uliotoka maji, ili nafasi ile ichukuliwe na supu yako yenye ladha. Kwa hiyo hata mkate wa leo unafaa: kata vipande vya nusu inchi au zaidi kidogo, tandaza kwenye trei mbili, oveni 250 Fahrenheit (kama 120 Selsiasi), dakika 45 mpaka saa nzima, uwe unageuzageuza. Uwe mkavu kama tosti bila kuwa mwekundu. Unaweza kufanya hivyo hata siku mbili kabla ukaufunga kwenye mfuko.

Kwa watu 12 na trei ya inchi 9 kwa 13: mkate ratili moja na nusu, siagi kijiti kimoja na nusu (kama gramu 170), vitunguu viwili vikubwa, selari mabua manne matano, saumu ukipenda, seji, thaimu na pasli mbichi kama unapata, mayai mawili, supu vikombe vitatu hadi vinne. Vitunguu na selari vikaange kwa siagi mpaka vilainike kabisa, usiwe na haraka hapo, selari mbichimbichi ndani ya stafingi ni karaha. Supu mimina kidogo kidogo unachanganya kwa mkono, simama pale mkate unapokuwa umelowa ila ukiuminya haudondoshi maji. Funika foili, oveni 350, nusu saa, funua, nusu saa nyingine mpaka juu pawe pameungua kidogo panalia kwa kijiko.

Soseji: tumia ya kuku au ya ng'ombe ya halali, ratili moja, toa ngozi ivuruge kwenye sufuria kabla ya vitunguu. Au acha kabisa, haipungukiwi kitu.

Supu ya dukani chukua ya chumvi kidogo maana siagi ina chumvi, mkate una chumvi, mwisho utalia. Au chemsha mabawa na firigisi za kuku mwenyewe.

MamaZuu
Shangazi asante jamani 🙏 hilo la mkate kukaushwa oveni limenisaidia sana. Wanjiku hiyo ya ndani ya ndege naitamani lakini ndege si wangu, siwezi kumwambia mama mkwe nipishe nijaze bata mzinga wako.

mtu_wa_Mbeya
Hata angekuwa wako usijaze. Mimi ni nesi, ngoja niongee kama nesi sasa. Katikati ya hiyo stafingi lazima ifike 165 Fahrenheit, yaani 74, kwa sababu damu na maji ya ndege mbichi yanadondokea mle mle kwenye mkate. Sasa kifua cha bata mzinga kikishafika 165 mkate wa katikati bado, unaongeza muda, mkate ukifika kifua kimekuwa kama kadibodi. Unachagua kimoja: nyama kavu au tumbo.

Wanjiku_jikoni
Ndiyo maana kuna kipimajoto bana. Unajaza moto moto, si ile imetoka friji, unajaza dakika ya mwisho kabla ya oveni na hujazi usiku wa kuamkia, na huishindilii. Ikikosa kufika unaitoa kwa kijiko unarudisha kwa trei peke yake wakati nyama inapumzika. Si ati ni uchawi. Lakini nakubali watu 12 haiwezi kutosha ndani ya ndege mmoja, kwa hiyo trei utahitaji tu.

mtu_wa_Mbeya
Sasa hapo tumeelewana. By the way huku Minnesota kuna wanaotumia wild rice badala ya mkate, ule mchele mweusi mrefu ambao Waojibwe wanauvuna ziwani kwa mtumbwi. Ule nauheshimu kuliko mkate wenu. Si wa Ohio najua, nimesema tu.

Kijana_Kisauni
Mbeya anayekula boksi leo ana maoni ya mchele wa ziwani 😂

MamaZuu
😂😂 Swali la mwisho. Kwa mkwe ni mwendo wa saa nzima na oveni ni moja, imekaliwa na bata mzinga. Ya kwangu naipashaje?

Shangazi_Rehema
Swali la maana kuliko yote mwanangu. Bata mzinga akitoka hakatwi hapohapo, anapumzika nusu saa au zaidi ndiyo maji yarudi kwenye nyama. Nusu saa hiyo oveni ni yako, mwombe mapema kabla hajaja wa viazi vitamu. Nyumbani oka mpaka ile hatua ya foili na uhakikishe katikati imefika 165, ifunge foili na mataulo ndani ya kisanduku cha baridi, hicho hicho kinatunza na moto. Isishuke chini ya 140. Ukifika, pale bata anapotoka, funua, nyunyizia supu ya moto kidogo, ingiza 400 dakika 20 juu pakauke. Kwa hiyo chupa ya supu ya akiba iwe mkononi.

Wanjiku_jikoni
Na ufanye mbili kama una trei ya pili. Ya ziada kesho yake, friji inakaa siku tatu nne, unakata kama mandazi unakaanga kwa siagi na yai juu. Mimi hiyo ndiyo naipikia yote.

MamaZuu
Mbili basi. Naenda kutafuta hiyo Bell's, duka la hapa nililoingia jana hawana.

Wanjiku_jikoni
Ukikosa usihangaike, seji kavu vijiko viwili vya chai, thaimu kimoja, pilipili manga. Watakula.