Acheni kupima mashambulizi ya kikapu cha vyuo Marekani kwa wastani wa pointi, mnatuchosha!

Wakuu, hii tabia imenifika shingoni. Kila msimu wa NCAA (mashindano ya vyuo vya Marekani) ukianza, mtu anabandika jedwali la wastani wa pointi kwa mechi, halafu anatangaza timu fulani ina mashambulizi makali na nyingine ni mzigo. Ukimuuliza timu hizo zilipata mpira mara ngapi, kimya!

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Timu ya kwanza ina pointi 70 kwa zamu 60 za kushambulia (zamu ni tangu timu ishike mpira hadi uende kwa mpinzani), ya pili pointi 80 kwa zamu 76. Ya kwanza inavuna kama 117 kwa kila zamu 100, ya pili 105. Sasa nani anajua kushambulia? Mnampa sifa anayekimbia, hata kama nusu ya mbio zake zinaishia kupoteza mpira.

Virginia ya kocha Tony Bennett, iliyocheza polepole, ndiyo mliyoionea kuliko zote. Ilipopigwa 74-54 na chuo cha UMBC mwaka 2018, timu ya kwanza ya wanaume iliyopangwa namba 1 kwenye kundi lake la mtoano kutolewa na iliyopangwa namba 16, ya mwisho, mkashangilia: "mpira wa kulaza watu umekufa." Mwaka uliofuata timu ileile, kwa mwendo uleule wa kobe, ikabeba ubingwa kwa kuifunga Texas Tech 85-77 muda wa nyongeza. Kwa pointi kwa kila zamu ilikuwa miongoni mwa timu bora kabisa nchini. Walichagua mtupo, hawakuupapatikia. Mkitaka mashambulizi mabovu kweli, tazameni chuo cha Butler kwenye fainali ya wanaume ya 2011: mitupo 12 iliyoingia kati ya 64, pointi 41. Hapo sitetei mtu.

Halafu kuna hawa wa "wanawake wanacheza taratibu." Taratibu kwa kipimo gani? Wanawake wa vyuo wana saa ya sekunde 30 (muda wa mwisho wa kutupa mpira kikapuni kila zamu) tangu miaka ya 1970. Wanaume walianza na 45 mwaka 1985, wakashuka hadi 35, na hiyo 30 wameipata 2015 tu! Hadi leo wanaume wa vyuo wanacheza vipindi viwili vya dakika 20, wenzao wana robo nne. (Kwa nini, sijawahi kupata jibu la maana.)

Na fainali ya wanawake ya 2024 bado mnaihadithia vibaya. Caitlin Clark, nyota wa Iowa, alitupia pointi 30, 18 kati ya hizo robo ya kwanza, Iowa wakafungwa 87-75, basi mkasema "alichoka." Angalieni ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa): South Carolina, walioshinda, 51, Iowa 29. Pointi za benchi, yaani za wachezaji wa akiba: 37 kwa sifuri! Ribaundi ya kushambulia haianzishi zamu mpya, inaongeza maisha ya ileile. Unakosa, unaokota, unatupa tena, na mpinzani hajagusa mpira. Ufanisi ndio huo, ila hauonekani kwenye video za sekunde 20 mnazosambaziana.

Mods, naomba nyuzi za "timu kali kwa pointi" zisizo na idadi ya zamu ziunganishwe kwenye uzi mmoja huko chini kabisa. Na yule aliyeniita mchawi wa takwimu jana, nakusubiri hapa na namba zako.