Mrejesho: jino la mbele, nimechagua daraja la kubandika

Assalam aleikum wenzangu. Niliuliza hivi: mtu wa miaka 67, ana sukari, jino moja la mbele la juu limeng'oka, aweke nini? Wengi mlisema implanti, ile skrubu ya titani inayozamishwa kwenye mfupa. Daktari wa meno hapa Mombasa hakuikataa. Alisema sukari ikidhibitiwa, umri peke yake si kizuizi, ila eksirei ilionyesha mfupa umepungua kwa vile pengo lilikaa wazi muda mrefu. Ningeongezwa mfupa kwanza, kisha skrubu ingoje miezi kadhaa ishikane. Na hiyo gharama, jamani!

Daraja la kawaida, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani, lilitaka hayo ya jirani yachongwe. Mazima kabisa, yachongwe kwa nini? Nikakataa. Meno ya kuvua ni nafuu, lakini bamba la kaakaani lanitapisha, na mimi ni mtu wa kusoma maulidi, sitaki herufi zinipotee.

Basi nimewekewa daraja la kubandika: jino lina kibawa nyuma, kimegandishwa kwa gundi kwenye jino la jirani, bila kuchonga sana. Laweza kubanduka, na mara nyingi hubandikwa tena. Mahamri nala, mishikaki naichambua kwa mkono, muwa nimeusamehe. Chini ya jino napitisha uzi wa meno kila usiku, ule wenye ncha ngumu. Mjukuu wangu asema siku hizi namchekea hata makanga wa matatu.