MJADALA: Dawa ya maumivu ya kuvuta kwenye boti za wagonjwa, msaada au tunaua figo za watu?

Wakuu naomba tulijadili hili. Mtu anapata ajali ya boda huko Ukerewe, mguu umevunjika, mpaka afike hospitali ya Bugando, Mwanza, ni masaa kadhaa majini na njia nzima analia tu. Australia watu wa ambulansi wana methoksiflureni, mgonjwa anavuta mwenyewe kwa kibomba cha kijani, maumivu yanashuka na yuko macho, hakuna sindano. Mimi nataka boti zetu ziwe nayo. Wanaopinga wanasema hiyo ndo ile iliyoharibu figo za watu na Marekani waliipiga chini. Ni kweli, 2005 walikataa isirudi. Ila tuongelee dozi jamani. Miaka ya 60 ilikuwa ya nusu kaputi, mtu anavutishwa masaa na masaa akipasuliwa, mwili unaivunja inatoa floraidi, floraidi ikizidi figo inashindwa kubana mkojo, anakojoa maji matupu mpaka anakauka, na wapo waliokufa. Watafiti Cousins na Mazze 1973 walionyesha madhara yanapanda na dozi. Kibomba kina mililita 3, mwisho 6 kwa siku na 15 kwa wiki. Uingereza wameiruhusu 2015.

— Mkuu hizo mililita zimepangwa kwa watu wanaojua hali ya figo zao. Huku ziwani mtu ana kichocho tangu utotoni, presha hajawahi kupima, diklofenaki ya maumivu anameza kama karanga. Halafu tetrasaiklini, zile antibayotiki za vidonge vya rangi mbili za duka la dawa, ukichanganya na hiyo dawa figo zinaumia vibaya na hilo limeandikwa kabisa. Nani atamuuliza majeruhi anayepiga kelele kameza nini jana? Ketamini, sindano ya maumivu, ipo, bei nafuu, haina hiyo kesi ya figo.

— Ndugu yangu hoja ya rangi mbili ni nzito sana, kwa hiyo swali la figo na la dawa alizomeza liulizwe kabla ya kibomba, asipojibu yeye ajibu ndugu yake, na mwenye figo mbovu asipewe kabisa, hapo sina ubishi. Ila ketamini inataka mtu anayejua kuchoma na kumwangalia mgonjwa anavyopumua, usiku kwenye boti huyo mtu yuko wapi? Na msiseme dawa zote za kuvuta ni moja. Sevoflureni, ile ya nusu kaputi kwenye chumba cha upasuaji, nayo inapandisha floraidi kwenye damu lakini figo hazikuonekana kufa vile, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba yenyewe inavunjwa kwenye ini, methoksiflureni inavunjwa mpaka ndani ya figo zenyewe.

— Na nesi wa boti je? Yeye anavuta hewa hiyo kila safari.

— Kibomba kina sehemu ya mkaa wa kunasa anachotoa mgonjwa, sharti apumulie humo humo. Boti iwe wazi pembeni, na nesi mmoja asipangwe zamu zote.